Zamu ya Nani

Nimetoka Wete asubuhi,
sikuja Chake kutazama mitungi.
Shaame Ngwali akapokea kiingilio,
akachana tikiti polepole
kama amkatiaye mkate mtoto.
"Ngome ilikuwa kubwa," akasema, "haya ni mabaki.
Sehemu nyengine walivunja, wakajenga hospitali."
Mkono wake ukapita hewani
ukachora kuta zisizokuwapo
juu ya paa la wodi ya wazazi.

Humu mna harufu ya chokaa na popo.
Mna vigae, shanga za buluu,
mbuzi ya kukunia nazi iliyong'oka meno,
na chini ya kioo, pingu ya mguu mmoja
yenye kadi: Mwenyewe hajulikani.
Nikaisoma mara mbili.
Mwenyewe yupi, aliyefunga au aliyefungwa?
Shaame akacheka. Kadi ameikuta.

Shangazi yangu, Bi Chumu, alikuwa muuguzi hapo jirani,
zamu ya usiku, miaka ishirini na miwili.
Alisimulia huku akichambua karafuu,
konyo huku, karafuu huku, bila kuinua macho:
saa tisa za usiku, wagonjwa wakishatulia,
viatu vizito hupanda ngazi
(wodi ile haina ngazi)
na sauti ya mtu mzima, Kiswahili cha kujifunzia ukubwani,
huuliza mlangoni:
Zamu ya nani?

Askari, walisema baadhi. Mbulushi.
Wenzake waliondoka usiku, yeye yuko lindoni,
hakuna aliyepanda kumwambia.
Wengine wakasema jini tu, kajivika mtu,
na huku Pemba nani atabisha?
Wauguzi wageni walilia wakaomba uhamisho.
Shangazi alijibu: Yangu.
Kila usiku. Yangu, kapumzike.

"Hukumwogopa?"
"Nimwogope kwa lipi? Mtu kapiga hodi.
Hodi haiachwi ikaning'inia."

Tumemzika mwezi wa Rajabu.
Wasia hakuacha, shamba lenyewe lilishagawiwa,
ila usiku ule wa mwisho alinishika kifundo cha mkono,
naye hakuwa mtu wa kuweweseka:
Sasa nani atamjibu?

Ndiyo maana nipo, na mikate minne ya mofa kikapuni,
sijui nimemletea nani.
"Wageni huuliza mzimu uko chumba gani," Shaame asema.
"Nawaambia cha tatu. Feni yake mbovu, hawakai."

Nikapanda mnarani peke yangu.
Tundu la bunduki ni la kadiri ya uso.
Niliweka uso.
Kamba ya nguo, shuka za kijani za hospitali,
paka amelala juu ya jenereta.
Basi. Nikangoja, nikajiona mjinga,
mtu mzima na kikapu chake.

Kisha ikaja, nzito, ng'ambo ya ukuta:
Zamu ya nani?

Tabibu, bila shaka. Ana karatasi mkononi, ana haraka.
Na msichana akamjibu, mdomo umejaa ubuyu:
"Yangu! Na jana yangu, na kesho yangu,
niandikeni tu kwenye ukuta!"
Wakacheka wote wawili,
mlango ukagonga.

Lakini mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa.
Neno lilikuwa limefika kwenye meno,
na jasho limenikauka mgongoni.

Chini, Shaame alikuwa akitikisa funguo.
Kuna daftari la wageni: jina, utokako, maoni.
Nikaandika jina. Nikaandika Wete.
Kwenye maoni nikaandika: Feni itengenezwe.

Nilipofika kituoni nikahesabu mikate,
mitatu.
Mmoja umebaki kwenye tundu la bunduki.
Sisemi niliusahau.
Basi lilikuwa bado halijajaa, nafasi ya kurudi ilikuwapo,
sikurudi.