Usiguse Kete

Kinyanambo, Mafinga. Mwezi wa saba.
Ukungu umelala juu ya maranda ya mbao
kama mgonjwa aliyekataa kuamka,
nami nanoa misumeno ya watu
tangu saa moja, vidole havina habari na mimi.

Saa kumi Otmari Luvanda anakuja na ubao.
Visoda vyekundu ni vyake, vya bluu vyangu.
Drafti. Anaiba. Anajua kuwa najua.
Miaka tisa tunabishania kingi mmoja
wa siku ile iliponyesha mvua ya mawe.

Ila kila Alhamisi, mchezo ukiwa katikati,
anainuka, anajipangusa maranda magotini,
"Usiguse kete," ananiambia,
anakwenda jumuiyani.
Hajawahi kusema, twende.
Hajawahi kusema, Mungu anakuona.
Angesema, ningemrushia tupa.

Na sababu anaijua; mtaa mzima unaijua.
Mwanangu Gaudensi alipofariki
mzee wa kanisa alifungua kadi yangu ya zaka,
akaipekua polepole
kama mwenye duka na daftari la madeni.
Miaka mitatu mieupe.
Akaifunga.
Kengele haikulia.
Kadi niliitia jikoni usiku uleule,
ikawaka mara moja tu,
hata maji hayakupata uvuguvugu.

Kaburi lilichimbwa na watu watatu:
shemeji yangu, mlinzi wa kiwanda,
na mtu nisiyemjua, mwenye jembe la kuazima,
aliyechimba mpaka giza, akanawa,
akaondoka bila kula.
Wiki iliyofuata alileta msumeno usio butu.
Nikamwambia, huu mzima.
Akasema, basi tukae. Unacheza drafti?

Mwaka huu gogo lilimwangukia mguuni.
Alhamisi akanitazama, akautazama mguu,
akaitazama baiskeli yangu.
Nikasema, panda, unanichelewesha.
Nikamsukuma hadi kwa Mama Tarsila Kikoti,
kilima kile cha utelezi, mimi natukana,
yeye amekaa kwenye karia kama bibi harusi.

Nikabaki nje na baiskeli.
Mlango haukufungwa.
Ndani walisoma, walikohoa,
mtu akalalamikia bei ya mbolea.
Tarsila akatoka na kikombe cha chai ya tangawizi.
"Baridi haina dhehebu," akasema, akarudi.
Nikanywa.
Kikombe si changu, ilibidi nikirudishe.
Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Walikuwa kwenye rozari, tendo la nne.
Otmari anaongoza, kwa sauti yake ileile ya wizi,
Salamu Maria anaipeleka hadi nusu
anaiacha pale
kama kete iliyosogezwa.
Na kinywa changu, hayawani, bila kuniuliza,
kikajibu.
Utuombee sisi wakosefu.
Sasa.
Nilidhani nimeyachoma yote.
Kumbe maneno yalidondokea ndani,
kama shilingi kwenye bitana ya koti
ulilokwisha kumgawia mtu, akakataa.

Usinielewe vibaya. Sijaungama.
Mzee yule wa kanisa bado yupo, benchi la mbele,
na miwani yake; nikimwona tumbo hunikaza.
Jumapili nasimama nyuma kabisa,
karibu na mlango, upande wa baiskeli.
Kengele ikilia nahesabu:
huu mlio wa leo,
huu wa Gaudensi.

Jana nimemuuliza Otmari,
siku ile, na lile jembe, nani alikutuma?
Akautazama ubao muda mrefu.
Akala kete zangu mbili, moja kwa haki.
"Zamu yako," akasema.