Honi Mbili

Honi moja, chai moja. Honi mbili, chai mbili.
Honi ndefu isiyokoma ni chai ya mwenye haraka,
na mwenye haraka hangoji chenji:
si ukarimu, ni haraka.

Hapa ni Ibri, kando ya barabara iendayo mpakani,
mkahawa wa Kunjimoni, mlango wa bati jepesi,
maziwa ya kopo, iliki, sukari mpaka kijiko kisimame.
Bei baisa mia mbili. Mimi ndiye miguu.
Nyuzi arubaini na sita, lami inanata,
kioo kinashuka vidole vinne,
baridi ya ndani inanipiga usoni kama friji la watu,
na mkono unatoka.

Nimeijua mikono.
Wa Dubai huacha riali nzima, haunitazami.
Wa dereva wa lori, Mpathani,
hutoa mia mbili kamili, hurudi ndani,
hutoka tena na komamanga lililopasuka.
Wa kijana wa shule hupapasa, hupapasa,
hupata mia na hamsini. Nasema, basi, nenda,
na hamsini ile nailipa mimi:
bakshishi iliyopotea njia.

Wote huniita rafiki.
Kwetu Pangani rafiki ni mtu ambaye deni lake unalijua.
Huku ni jina la yeyote abebaye sinia.

Juma lililopita walishuka Wajerumani wawili
(wao hushuka), mume na mke, pua zimebambuka kwa jua,
wakauliza kwa adabu, kijitabu mkononi:
desturi ya hapa ni kiasi gani?
Asilimia kumi? Au ni kutukana mtu?
Delwari wa Silheti akanikanyaga mguu, sema ishirini!
Kunjimoni akalitupia jicho kopo lake la kaunta,
kopo la "sote", ambalo ufunguo ni wake.
Nikafungua kinywa, nikakosa hesabu.

Ningewaambiaje?
Kwetu pesa haitoki nyumbani bila jina.
Kuna ya kufungua mlango wa bi harusi,
kuna kilemba, kuna mkaja wa mama,
kuna ya kumtunza mpiga zumari,
inabandikwa pajini, inashikwa na jasho lake.
Hata ile ya karani tumeipa jina, tunaiita chai,
nami hapa nauza chai yenyewe.
Hii ya dirishani ndiyo yatima.
"Mpendavyo," nikasema.
Hawakulipenda jibu. Wakaacha sarafu ya kwao,
nzito, nzuri, haibadiliki popote Ibri.

Na jana, Nissan kuukuu, honi fupi kama kikohozi.
Bibi mmoja, miwani minene, akaagiza kwa Kiarabu.
Sinia likaniponyoka kidogo, chai ikamwagikia mlango,
ulimi ukanitangulia: "Lahaula! Samahani, mama."

Akashusha kioo chote.
"We mtu wa wapi?"
Kiswahili cha Vikokotoni,
kimekunjwa miaka mingi, mikunjo bado inaonekana.
"Pangani."
"Jina?"
"Mwinchande."
"Mwinchande nani?"
"Mwinchande Kombo."
Akalitamka lote, polepole, kama anayeonja mchuzi,
akanikunjia riali moja kiganjani,
akanifumba vidole, kimoja kimoja.
"Bibi, ni mia mbili tu, chenji yako..."
"Nani kasema ya chai? Si ndiyo kwanza nakuona?
Hii fola."

Fola! Mimi na ndevu zangu, na gego bovu,
miaka arubaini na tatu,
nimezaliwa saa tisa na robo, alasiri,
kwenye maegesho ya Ibri.

Akatia gia, akaenda. Ya chai hakulipa.
Nikasimama juani, sinia tupu kwapani,
mpaka Kunjimoni akapaza sauti: yule amelipa?
Nikaingiza mkono mfuko mwingine,
nikatoa mia mbili zangu.
"Amelipa," nikasema.

Honi. Honi tena.