Mkaguzi Alipogusa Tangi

Keringet, mwezi wa saba.
Ukungu umelala hadi saa nne
kama mlevi asiyedaiwa na mtu.
Mimi ndimi karani wa ushirika;
kalamu yangu imefungwa kwa uzi mezani
isije ikaenda kwa miguu yake.

Tangi letu ni la lita elfu tatu,
chuma king'aacho hata ukanyolea ndevu.
Ubavuni, bendera ya samawati:
nyota kumi na mbili zimesimama duara
kama ng'ombe waliozunguka chumvi
isiyokuwepo.

Wanasema fedha ilitoka kwa mkulima wa Ulaya,
alipwaye na serikali zake alime,
na mwaka mwingine alipwaye asilime.
Ikavuka bahari.
Ikaingia wizarani imenona,
ikatoka mbavu zahesabika.
Ikatufikia kwa lori, na mahema tisa,
na kofia mia nne, na mbuzi sikumbuki wangapi.
Utepe ulikatwa. Ukashonwa. Ukakatwa tena
kwa ajili ya mkubwa aliyechelewa.

Transfoma haikuja.
Waya unaishia kwenye mlingoti wa kina Wairegi,
mita mia sita. Nimezipima kwa hatua,
jioni, nikiona haya kuonekana.

Kila asubuhi Tabutany huleta lita kumi na moja.
Namwandikia kumi na moja.
Mchana jua likitoka halina utani,
gari la kiwanda halijafika, maziwa yanachacha;
namwandikia sifuri, kwa wino ule ule.
Haniulizi. Hubeba mkebe wake,
huwamiminia ndama.
"Yamerudi kwao," husema.
Na dukani kwa Sigilai, ng'ambo ya barabara,
maziwa ya unga yamepangwa hadi darini,
kila pakiti na picha ya ng'ombe mnene
asiyejua kupe.

Juzi akaja mkaguzi,
binti mpole, buti mpya, ametoka mbali
kuona pesa ya watu wake ilivyotumika.
Afisa wa wizara akanitazama.
Nami nikaitazama kalamu.
Binti akavua glavu,
akaweka kiganja juu ya chuma.

Baridi!
Baridi ya Keringet, baridi ya Mungu,
iliyoniulia vifaranga sita usiku uliopita.
Akatabasamu, akaandika: linafanya kazi.
Afisa akashusha pumzi
kama gurudumu lililong'olewa msumari.

Mlangoni, Tabutany akasema jambo kwa Kikipsigis,
fupi, bila hasira.
"Amesema nini?" akauliza mgeni.
"Anashukuru," akajibu afisa.

Lugha ile naijua, nimeoa humo.
Alisema: Hata jiwe la mtoni lina baridi, mwanangu.
Limewahi kumhifadhia nani maziwa?

Ikaletwa fomu. Sahihi hapa, na hapa.
Kalamu haikufika; uzi ulikuwa mfupi.
Kwa kitambo nikadhani nimeokoka.
Afisa akachomoa yake mfukoni,
nzito, ya dhahabu au rangi ya dhahabu,
nayo iliandika vizuri mno.

Leo Tabutany ameleta lita tisa.
Nimeandika tisa.
Mchana bado.