Kona Zilizokunjwa

Alhamisi, Łódź. Theluji imegeuka tope,
tramu zinapita zikitikisa vioo vya maktaba,
na sisi wanawake sita, keki ya mbegu za mpopi,
na kitabu ambacho hakuna aliyekibeba peupe:
Bożena kakivisha gazeti,
Ludmiła kakichomeka katikati ya viazi,
mimi mkutubi, niliyekinunua kwa fedha za manispaa,
nimekilaza mezani kifudifudi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia:
mwanamume mwenye jumba na funguo nyingi,
mwanamke aliyefungiwa humo, anayemchukia,
anayehesabu hatua zake ngazini ili ajifiche,
kisha anazihesabu kwa kuzingoja.
Kuanzia sura ya tisa taa zinazimwa,
na mwandishi hapepesi macho.

"Haya si mapenzi," akaanza Dobrawa,
muuguzi wa zamu za usiku, mdogo wetu kuliko wote.
"Mimi ndiye ninayewashona.
Wanakuja saa tisa usiku, wanasema wameteleza bafuni.
Sijaona hata mmoja
aliyeumia kwa maneno mazuri namna hii."

Ludmiła akacheka, keki bado mdomoni:
"Mwanangu, mwaka wa thelathini na moja huu
nalala na mtu asiyevua soksi.
Niachie haramia wangu wa karatasi.
Nikimaliza sura namenya viazi,
na hakuna aliyekufa."

Bożena alitaka onyo tu, ukurasa wa mbele,
sentensi mbili, herufi kubwa.
"Hata sigara zina onyo."
"Na bado unavuta," akasema Ludmiła,
chai ikamwagika, tukafuta, tukanyamaza.

Ndipo tukamgeukia Halszka.
Hatukukusudia. Shingo ziligeuka zenyewe.
Jiji ni kubwa lakini ngazi za jengo letu ni nyembamba,
na sote tuliwahi kusikia, majira mawili ya baridi,
ufunguo ukizungushwa kwa nje,
sote tukapandisha sauti ya redio.

Alikuwa anachuna lebo ya chupa ya maji, taratibu.
"Nimekisoma mara tatu," akasema.
"Yule wa kwangu sikuweza kumfunga.
Huyu nikimchoka namfunga,
namweka juu ya jokofu,
namwacha huko hadi nitakapotaka mimi."

Dobrawa akafungua kinywa, akakifumba.
Laiti tungeishia hapo,
tungerudi nyumbani tumeshiba hekima.
Lakini Wiesława, ambaye hujaza fomu na kusema "sina maoni,"
akatoa nakala yake mkobani:
imevimba mara mbili, kurasa zimegandana kama mkate.
"Sikufika sura ya nne. Mikono ilinitetemeka.
Nilikitupa ndani ya mashine ya kufulia, nikaiwasha.
Nitalipa."

Pilipili usiyoila yakuwashiani, wanasema watu.
Na aliyelishwa kwa nguvu je,
akiisikia tu harufu yake jikoni kwa jirani?
Halszka akanyosha mkono, akaligusa lile donge la karatasi.
Hawakutazamana.
Hakuna aliyeuliza nani kati yao amepona.

Saa mbili nikazima hita, nikabaki peke yangu
na ile nakala kavu, na rafu tatu za kuchagua:
mapenzi, jinai, au kabati langu lenye kufuli.
Nikaikagua, ndiyo kazi yangu.
Kona zimekunjwa huku na huku, kila mkono na mkunjo wake;
ile ya ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
niliikunja mimi, na sitaeleza kwa nini.

Chini kidogo, pambizoni, penseli hafifu:
*mkimbie.*
Na chini yake, mwandiko mwingine,
umekandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka:
*bado.*

Kanuni inasema nifute.
Nilikishika kifutio hadi kikapata joto.