Sitini na Moja

Saa kumi kwao ni saa kumi na moja kwetu.
Bendera inapungwa Ufaransa, mimi nafunga geti Newala:
kufuli mbili, mnyororo, tochi, blanketi la marehemu baba
na magunia mia tisa ya salfa
yanayonuka kiberiti kilichokataa kuwaka.

Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai.
Bando nimelinunua kwa hela ya sabuni.
Asumini analijua hilo. Aliponipa chupa
hakuniuliza kitu; ndiyo adhabu yake.

Wengine huchagua gari jekundu,
au jeupe lenye jina la kampuni kubwa ubavuni.
Mimi nina sitini na moja,
kijani cha ndizi mbichi, taa moja inapepesa,
la watu wa gereji ambao nadhani na wao
matairi wameyanunua kwa hela ya sabuni.
Mwaka juzi halikuiona hata magharibi.
Mwaka jana lilikufa saa nane usiku.

Nina kaunta buku. Kila likipita mstari natia kijiti:
vinne vimesimama, cha tano kinavilalia,
kama karani wa chama na magunia ya korosho mizanini.

Saa tano baridi inapanda kutoka bondeni,
ukungu umemeza taa ya msikiti.
Kule mvua. Hapa manyunyu ya Juni
yasiyojaza hata kifuniko cha chupa.

Saa nane na robo linaingia kwa mafundi
na halitoki.
Giaboksi.
Naona miguu tu chini ya gari, sita, kisha minane,
mkono unapokea spana bila mtu kutazama.
Dereva amekaa juu ya tairi, helmeti mapajani,
anakula ndizi.
Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua
kama nilivyompenda yule na ndizi yake.

Nikaenda kuzunguka ghala.
Mlango wa nyuma, tundu la panya, dirisha la wavu, geti.
Nikazunguka tena.
Vijiti vyangu nikavitia ukurasa wa pili,
maana mkono ulishazoea.

Alfajiri wakaliachia,
mizunguko arobaini nyuma ya mwenzake wa mwisho!
Hakuna wa kumpita. Hakuna wa kumfukuza.
Lilikimbia tu, kwa kuwa saa zilikuwa bado zipo.

Likomba akaja kupokea zamu, akachungulia kioo.
"Hilo la kijani la ngapi?"
"La mwisho."
"Na hujalala?"

Jumapili jioni, foleni ya kioski.
Maji ya Mitema yanapanda mlima tangu jana,
wanasema yako njiani.
Ndoo yangu ya thelathini na moja, chaji asilimia nne.
Bi Somoe Nampunju akainamia bega langu:
"Wanakwenda wapi hawa?"
Wanazunguka.
"Wanarudi pale walipoanzia?"
Pale pale.
"Usiku kucha? Na mafuta yote hayo?"
Akaitazama ndoo yake. Akalitazama bomba.
Kisha akatanua khanga, akanikingia jua
nipate kuona.

Mzunguko wa mwisho. Kijani kinatokeza kwenye kona,
taa ile ile inapepesa mchana kweupe,
kinakuja, kinakuja,
na picha ikaganda.
Kikabaki kile kiduara katikati ya kioo
kinazunguka,
kinazunguka,
halafu weusi, na sura yangu ndani yake.

"Kimefika?" Bi Somoe ananiuliza,
khanga bado imetanda.

Bomba likakohoa. Watu wakainuka.
Vijiti mia mbili na kumi na tisa,
nilivyoviona kwa macho yangu.
Cha mwisho sijakitia.
Likomba ana bando, anasema aniangalizie.
Nimemwambia aache kwanza,
nikaisukuma ndoo kwa mguu,
hatua moja.