Tangazo Mlangoni, Januari

Karatasi ya naibu wa chifu imebandikwa mlangoni
kwa gundi ya uji; sisimizi wameshakula pembe moja.

Pampu ya Siyenga: fedha zimetengwa.
Zilitengwa mwaka jana pia. Zimezoea upweke.
Greda litafika kabla ya mvua.
Anayekata miti ukingoni mwa mto Sio aache.
Anajijua. Nasi tunamjua.
Chanjo ya ng'ombe ni Alhamisi;
kuku wasiletwe, kama safari ile.

Chini kabisa, kwa mwandiko wa karani Namulanda,
vitambulisho vilivyofika: majina tisa.
La saba ni la Erasto Wabwire, kaka yangu,
aliyepigwa picha na shati la kuazima,
akangoja miezi kumi na minne.
Septemba tukamzika.

Namulanda anavuta droo, hanitazami.
"Weka sahihi hapa."
Naweka. Kalamu imekauka, narudia.

Shati lile lilikuwa la kijani;
kwenye kadi halina rangi.

Basi serikali imemtambua.
Narudi na ndoo tupu, yeye mfukoni,
tunapita kwenye pampu ya Siyenga,
tunaisalimu.