Tanzia kwa Kiingereza

Kibanda changu cha kupiga chapa kiko Luanda,
nyuma ya wauza omena. Ukurasa shilingi hamsini,
tanzia mia, maana picha ya marehemu hunywa wino.

Jumanne waliingia watatu, viatu vyekundu kwa udongo wa Emuhaya.
"Andisi, tuandikie kwa Kiingereza. Mzee Okwemba
hakuwa mtu wa kuagwa kwa lugha ya sokoni."

Nikakumbuka darasa la tano, Bi. Kageha
na neno lake moja, left, aliloliandika ubaoni mara tatu.
La kwanza ni mkono wa kushoto.
La pili, mtu ameondoka.
La tatu, ugali uliobaki sufuriani.
Nikauliza: Mwalimu, aliyeondoka na kilichobaki
wanawezaje kuwa neno moja?
Akasema kengele imelia.
Haikuwa imelia.

Lakini na sisi tusijione.
Kwetu mtu huacha pombe, huacha kazi,
huacha mke akiwa hai,
kisha siku ya tanzia tunasema ameacha watoto saba
na hakuna anayeuliza ni kuacha kupi.

Wakanitajia majina, nikayaandika.
Nikawatangulia kwa moja, kwa kuwa tulikaa naye dawati moja:
Ayuma.
Feni ilizunguka.
Kifungua mimba akasema, "Huyo ruka."

Ruka. Kama dimbwi la mvua.
Kiingereza cha ofisini kingesema omit,
neno fupi, limefunga tai, mikono imenawa.
Au exclude, neno lenye komeo.
Na lipo except, ambalo kwetu ni ila,
na ila, mnajua, ni dosari pia:
watoto wote, ila Ayuma.

Nilikuwa na kodi ya kibanda.
Kidole kikashuka juu ya kitufe,
a, m, u, y,
ile A kubwa ikagoma kidogo, kitufe ni kizee,
nikaibonyeza tena.

Alhamisi alikuja mwenyewe, kutoka Kisumu,
leso imefungwa juu ya sare ya hospitali.
Tanzia ilikuwa imebandikwa mlangoni mwangu.
Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea,
akafika kati ya Otinga na Mmboga
ambapo nilisahau kufuta mkato,
mikato miwili imefuatana, haina kitu katikati.
Akaweka kidole pale.
Hakuniuliza ni nani. Aliuliza, "Nakala ni pesa ngapi?"
Ishirini.
"Nipe tatu."

Nilitaka kusema jambo. Mashine ikasema badala yangu,
ikitema karatasi moto, moja, mbili, tatu,
mikato ileile miwili.

Alinipa noti ya mia. Akazikunja nakala mara nne,
akakata kushoto penye duka la mbolea,
akaenda.

Chenji yake, shilingi arobaini,
bado imo kwenye kopo la siagi.